Nani Anaunga?

Sheria ni fupi. Imeandikwa nyuma ya kalenda
ya duka la saruji: mguu usipite alama
kabla kisahani hakijatoka mkononi.
Ukiuona umepita, sema, kabla ya pumzi ya tatu.
Na ukisema, mwingine aunge.
Asipounga mtu, hukusema kitu.

Arbita hatuna. Tuna macho manane
kwa kila kundi, na manane ni mengi
mpaka siku yanapohitajika.

Tulikuwa kwenye kikapu cha saba, nyuma ya Ndosho,
pale minyororo ya baiskeli inaponing'inia juu ya beseni la bati
na lava imejikunja kama shuka la mtu aliyelala vibaya.
Musubao akaweka alama yake, kifuniko cha bia,
akarudi hatua tano,
akaja akizunguka.

Nikaona.
Kiatu cha kulia, kile chenye kamba ya bluu,
kilitua mbele ya kifuniko, kidole kizima na nusu,
kisahani kikiwa bado mkononi mwake.
Kisha kikaruka, kikapinda kushoto kwa adabu,
na minyororo ikalia kama sarafu
mfukoni mwa mwenye haraka.

"Mguu," akasema Nsimire.
Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayesema, mvua.
"Mguu umepita. Nani anaunga?"

Pumzi ya kwanza:
Bigabo akainama kufunga kamba za viatu.
Alikuwa amevaa ndala.
Ya pili:
nikautazama mlima, moshi wake unaelekea wapi leo,
kana kwamba nina shamba huko.
Ya tatu sikuivuta.

Musubao ndiye aliyemsukuma mama yangu kwa chukudu
usiku, Katindo hadi hospitali, kwenye mteremko bila breki,
akitumia kisigino chake kama breki.
Kisigino kilekile. Mguu uleule.
Hayo hayakuandikwa nyuma ya kalenda.

Lingekuwa tope, tope lingesema.
Jiwe hili halishiki unyayo.
Lilikuwa laini mara moja tu,
likapita jikoni kwa shangazi bila kubisha hodi,
likapoa, likafunga mdomo.
Tangu hapo tunalikanyaga, na halimtaji mtu.

Nsimire ndiye aliyeshika karatasi ya alama.
Akamwandikia Musubao tatu, tatu nzuri,
yenye matumbo mawili na mkia.
Hakununa. Angenuna ningepata la kumlaumu.
Alitusimulia hata habari ya jirani yake
aliyeuza mlango wa nyumba akiwa bado anaishi ndani,
na tukacheka, sote, kupita kiasi.

Kikapu cha mwisho, kando ya ukuta wa parokia.
Yeye na Musubao walikuwa sawa.
Akatupa. Minyororo ikakipokea.
Watoto juu ya ukuta walikuwa wameshaanza kupiga kelele
alipotazama chini,
akainua mkono wake mwenyewe.
"Mguu wangu," akasema. "Nani anaunga?"

Mikono mitatu ikapaa.
Wa Bigabo ulitangulia. Wangu haukuwa wa mwisho.
Na mguu wake sikuuona, Mungu shahidi:
nilikuwa nakitazama kisahani.

Akajiongezea mtupo mmoja. Ukatosha.
Bidoni la mawese, lita ishirini, likapanda chukudu ya Musubao.

Nilimkuta barabarani akibishana nauli na mwenye pikipiki.
"Uliuona kweli mguu wangu?"
Nikasema ndiyo.
"Basi unaona vizuri," akasema,
akapanda, akashika sketi, akaenda zake Himbi.

Jioni Musubao akaniletea chupa moja ya mafuta yale,
imefungwa kwa gazeti, bado ina joto la jua.
Mama akapikia sombe.
Nilikula sahani mbili.
Ilikuwa tamu, na hilo ndilo
nisiloweza kulisamehe.